Utepe wa Mbwa Mchanga

Usiniulize kama mbwa mchanga anafaa kushinda wakubwa. Nitainuka, nitaenda mpaka dirishani, nitarudi, na jibu litakuwa lile lile: hafai. Na mimi ndiye niliyempa ushindi.

Miaka ya sabini watu wa mifugo walikuja soko la Kabati kudunga mbwa sindano ya kichaa. Ili watu wawalete, chifu akatangaza mashindano: mbwa bora avishwe utepe mwekundu, mwenyewe apewe karai jipya. Mwamuzi nikafanywa mimi, kwa sababu nilikuwa mwalimu, na mwalimu eti hana upendeleo. Ebo!

Wakabaki wawili. Mmoja wa mwenye duka, miezi kumi, manyoya yanang'aa, hajawahi kulala nje hata siku moja. Wa pili alikuwa wa baba yangu. Miaka tisa alichunga mbuzi wetu. Sikio moja lilichukuliwa na fisi, na mguu wa nyuma aliuburuta kidogo. Baba alikuwa amemwogesha kwa sabuni niliyomletea Krismasi, ile aliyokataa kuitumia yeye mwenyewe. Mzee wa kanisa kuogesha mbwa!

Hakufuata karai. Alitaka soko lote liambiwe kwamba mbwa yule alifanya kazi. Akanipungia mkono, akaita, "Mwaitu!" Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, yaani mama yangu kwa Kikamba, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Hata nikimuudhi, nilikuwa Mwaitu.

Nyuma yangu mtu akasema, "Si ni babake? Mshindi tunamjua."

Niliogopa midomo ya watu, basi, hakuna sababu nyingine. Nikaanza kuhubiri habari za manyoya, meno na mwendo, upuuzi mtupu, kisha nikamvisha yule mbwa mchanga utepe. Akaanza kuutafuna hapo hapo. Watu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nao.

Baba akaja na mbwa wake akanipa mkono.

"Umeamua vizuri, Mwalimu."

Nilidhani aliniita Mwalimu kwa sababu ya watu. Jumapili nikampelekea sukari. "Karibu, Mwalimu." Mbwa akafa mvua zilipoanza, nikaenda kumpa pole. "Asante, Mwalimu." Hakuninunia, wala hakuninyima kitu. Alipakata watoto wangu, akaniombea kila safari. Ningefurahi kama angenigombeza, nijitetee, nilie, tuyamalize!

Alipolazwa Kitui, miaka mingi baadaye, nilimlisha uji kwa kijiko siku nne. Kila akifungua mdomo nilishusha kijiko, nikingoja lile jina moja. Siku ya nne alisukuma kijiko polepole, akanitazama kwa upendo kabisa.

"Inatosha," akasema. "Nenda ukapumzike, Mwalimu."