Fundi Viti na Neno "Naona"

Fundi viti alizaliwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na kwa miaka arubaini na sita hakupata kutofautisha ila mwangaza na giza. Hata hivyo, hapakuwa na mtu aliyelitumia neno "kuona" zaidi kuliko yeye. Asubuhi aliona baridi, adhuhuri aliona njaa, na alipopitisha vidole juu ya kiti alichokisuka, alisema, "Naona kamba imelegea hapa." Wateja wapya walicheka. Wa zamani waliinama kuitazama kamba, wakaikuta imelegea kweli.

Daktari alipoahidi kumpasua, mkewe, aliyekuwa dobi, alimwuliza swali moja tu.

"Utanijua?"

"Miaka ishirini na miwili, mke wangu, nisikujue? Simama na mwenzako, msitoe sauti. Nitanyoosha kidole: huyu hapa!"

Ahadi hiyo ilimkaa mkewe moyoni, akaitangaza mpaka kwa wateja wake.

Siku ya kufunguliwa bandeji alikuja hospitalini na dada yake, mwanamke asiyeishiwa maneno.

"Hongera, shemeji! Umejifungua pacha!"

"Pacha wa jicho," fundi akajibu, "na hawali." Wote wakacheka. Kisha wale dada wakabadilishana nafasi kimyakimya, muuguzi akaifungua bandeji.

Fundi akashusha pumzi. "Lo!"

Rangi zilimjia zote kwa pamoja, zikagusa macho yake. Hapakuwa na mbali wala karibu. Aliinua mkono kulikinga dirisha lisimwangukie, nalo lilikuwa upande wa pili wa chumba.

"Mkeo yupi?" muuguzi akauliza.

Fundi hakujua hata kwamba vile vilivyosimama mbele yake ni watu. Maisha yake yote aliamini kwamba alichokijua mkono, jicho likifunguka litakijua papo hapo. Kumbe jicho lake lilikuwa limezaliwa asubuhi ile, na halikuwa limefundishwa lolote.

Mtu mmoja akavuta kamasi.

Ndipo fundi akafanya alivyozoea kufanya kazini: akafumba macho. "Nipeni mikono."

Mkono wa kwanza ulikuwa laini. Wa pili ulikuwa mgumu kiganjani, na penye kidole gumba palikuwa na kovu la pasi, urefu wa punje ya mchele.

"Sasa nakuona," akasema, macho yamefumbwa.

Kisha, bila kuuachia mkono ule, akayafumbua. Kitu kilitembea juu ya kitu.

"Hiki ni kidole changu?"

"Chako."

"Na huu mstari mweupe ndio kovu?"

"Ndilo."

Akalipapasa tena na tena, mpaka alichokigusa na alichokitazama vikawa kitu kimoja. Akapanda polepole: kifundo, kiwiko, bega, kidevu. Kila mkono ulipofika, jicho lilifika nyuma yake, likajifunza. Aligusa shavu, akalikuta limelowa. Machozi aliyajua tangu utotoni. Aliyajua kwa joto lake, hata kwa chumvi yake. Akasogeza uso karibu, mdomo wazi.

"Kumbe yanang'aa!" akanong'ona. "Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua," mkewe akasema.