Tajiri Aliyecheka Kuliko Wote

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari huko Mbozi, miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Siku moja stoo nilikuta kitabu chakavu kisicho na jalada, kejeli ya Waingereza wa kale juu ya tajiri aliyewaibia watu nafaka, kisha akawagawia mikate, nao wakamwita mtu wa Mungu. Nilikifasiri, wanafunzi wakakiigiza siku ya mahafali.

Mgeni rasmi alikuwa mfanyabiashara kutoka Tunduma, aliyeahidi kutuezekea bwalo. Watu walisema malori yake hupitisha sukari mpakani kwa njia za panya, ingawa aliyeshuhudia kwa macho hakupatikana. Mimi niliamini. Nilitaka kuuona uso wake wakati tajiri wa mchezo atakapopanda jukwaani.

Siku ilipofika, mgeni alicheka mpaka akatoa leso. Mkuu wa shule, aliyeketi kando yake, alinikazia macho.

Baadaye mgeni akaniita pembeni.

"Mwalimu, nani aliyaandika haya?"

"Mzungu wa zamani sana, mzee. Jina lake lilichanika na jalada."

"Na wale watu, mikate waliila?"

"Waliila."

"Ilikuwa na ladha mbaya?"

Akanigusa bega, akaondoka. Nilibaki kulipima lile bega langu: nimeonywa, au nimetaniwa tu?

Wiki mbili baadaye lori lilileta bati, nyingi kuliko alizoahidi. Nilizigeuza moja moja nikitafuta mhuri wa kiwanda, nijue zilikotoka. Dereva alinitazama weee, mwisho akasema, "Mwalimu, unataka bati au unataka historia ya bati?" Walimu wenzangu wakaangua kicheko.

Mvua zilipoanza, wanafunzi walikula bila kulowa. Kikao cha walimu kikaitishwa ili bwalo lipewe jina la mfadhili. Mkuu wa shule akauliza kama kuna mwenye pingamizi, akinitazama mimi peke yangu. Maneno nilikuwa nayo, ushahidi sina hata chembe, na ombi langu la nyumba ya shule lilikuwa mezani kwake.

Nilinyoosha mkono kuunga.

Nyumba nilipewa mwezi uliofuata. Ilikuwa nzuri, yenye sakafu ya saruji na mibuni michache nyuma. Lakini kila nilipowakuta walimu wapya wakinong'onezana karibu na mlango wangu, nilijua wananisema mimi.