Siku Mama Alipopindua Bakuli

Unga wa mahindi ya njano, ule wa msaada, una harufu yake. Ukiusonga unanukia kama gunia lililolowa, na sisi watu wa Ujiji, tuliozoea ugali wa muhogo, tuliukunjia pua siku ya kwanza. Siku ya pili tulilamba sufuria. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, ziwa lilipopanda likaingia majumbani bila hodi. Nyumba za udongo za ufukweni zililainika zikaanguka moja baada ya nyingine, yetu ikiwemo. Baba alikuwa ng'ambo, Kongo, na mitumbwi haivuki. Tukapandishwa hadi ghala moja la bati njia ya Mwandiga, familia na familia zimetenganishwa kwa kanga.

Unga uligawiwa na kijana mtanashati, shati jeupe, kalamu mfukoni. Mama yangu, mwanamke mpole ambaye hata kuku alimfukuza kwa kunong'ona, alimheshimu mno. Kwake yeye, Uhuru wenyewe ulikuwa umekuja kutupimia unga. Hapo ndipo alipokosea. Aliona aibu kusukumana mbele ya mtu wa serikali, akamtuma mmoja wa dada zangu, aliyejua kusoma, ili akiulizwa ajibu vizuri. Dada alirudi na bakuli limejaa kuliko la wenzake. Mama alifurahi, jamani, akamwombea dua yule kijana.

Siku ya nne dada akagoma kwenda. Mama akamwita mvivu. Ndipo akasema, macho kwenye mkeka, kwamba mgawaji humpeleka nyuma ya magunia na kumshika, na kwamba amemwambia kesho aje wenzake wakishaondoka, la sivyo nyumba yetu haitapata unga tena. Nilidhani Mama atalia. Alijifunga kanga kiunoni, akaenda mkeka hadi mkeka akizungumza na kina mama kwa sauti ya chini. Baadhi yao waliinamisha vichwa kabla hajamaliza. Nao walikuwa wamewatuma mabinti zao.

Asubuhi yake foleni ilikuwa ya kina mama peke yao. Mgawaji akachota unga kwa kopo. Mama, aliyekuwa wa kwanza, akapindua bakuli lake chini, akaketi kando yake. Wa pili akapindua, wa tatu, hivyo hivyo mpaka nje ya mlango. Hakuna aliyetukana. Watoto tulilia njaa, na mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Nilimvuta Mama kanga nikidai ugali. Hakunitazama. Nawaambia kweli. Sikumjua yule mwanamke. Mgawaji alibembeleza, akatisha, na mwisho akapeleka habari mjini kwamba wanawake wamekataa chakula cha serikali.

Adhuhuri akaja mkubwa wake, mtu wa makamo. Alimsikiliza Mama mpaka mwisho, kisha akasema, kwa upole tu, aletwe huyo msichana aseme mwenyewe mbele ya watu. Dada akisimama pale, Ujiji nzima ingemsema yeye, si mgawaji, na nani angekuja kumposa?

Mama alisimama.

"Shikamoo, Mzee. Msichana hatukuletei. Tunakurudishia mtu wako."

Mzee alitazama mabakuli yale, safu nzima hadi mlangoni. Akamwambia kijana aweke kopo chini, akaondoka naye. Siku ile unga aliupima Mama, mbele ya macho ya wote, na dada alikula ameketi katikati yetu. Nilimtazama Mama akila, nikaogopa hata kumwomba chumvi.

Miaka hii ziwa limepanda tena na watu wamehama tena. Siku hizi kuna mikutano, mabango, na namba za kupiga simu iwapo msichana ataguswa. Nashukuru, tena sana, maana Mama hakuwa na lolote kati ya hayo. Juzi niliitwa kwenye mkutano mmoja kusimulia habari hii. Nilipomaliza, binti mmoja mwenye daftari, mwema kabisa, akaniuliza yule msichana anaitwa nani, ili habari ikamilike. Nikamwambia nina dada watatu, wote walioolewa kwa heshima, wote bibi za watu sasa. Akabaki ananisubiri, kalamu mkononi.

Atasubiri sana.