Anuani Chini ya Mdudu

Saa kumi alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili huko Musonoi, mtaa wa mji wa Kolwezi, Katanga, kijiti kinazungushwa polepole ndani ya kopo la rangi. Kila kinapogusa bati hutoa sauti ndogo, kama kijiko ndani ya kikombe cha chai. Mwanamume anayekoroga anasimama kila mara, anasikiliza nje, halafu anaendelea.

"Polepole, baba," mkewe anamwambia kutoka kitandani. "Siku hizi hata rangi iko na kelele."

Mwanamume huyo ni Lukusa Tharcisse, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, mchora matangazo. Kwa miaka ishirini na mitatu amechora kuta na vibao vya wenye saluni, maduka ya dawa, mafundi baiskeli na wauza sabuni. Lakini asubuhi hii ya Aprili 1993 hatoki kwenda kuchora. Anakwenda kufuta.

Anachotaka kufuta ni kitu kidogo, kisichozidi urefu wa mkono. Mchora matangazo wa Kolwezi hamalizi kazi bila kuweka, chini pembeni, jina lake na mahali anapoishi. Hana duka wala simu. Ukuta ndio unaomwitia wateja. Lukusa alikuwa akiziandika herufi hizo kwa upendo, kila moja na kivuli chake: *Lukusa, Peintre, avenue Lufupa, no. 14*, yaani Lukusa, mchoraji, mtaa wa Lufupa, namba 14.

Mji mzima ulijua alikokaa. Alilitaka jambo hilo. Sasa ndilo linalomnyima usingizi.

Tangu mwaka jana, watu ambao wazazi wao walitoka mkoa wa Kasai wanaambiwa waondoke. Migodi imenyamaza, mishahara haiji, na hasira ya njaa imetafutiwa mtu wa kumshika. Baba yake Lukusa aliletwa na reli kuja kuchimba shaba. Lukusa mwenyewe alizaliwa hapa hapa, na Kasai hajawahi kuikanyaga.

Majuma matatu yaliyopita, vijana wenye filimbi, wa kundi linalowafukuza Wakasai, walipita mitaani na daftari la shule. Walikuwa wakisoma vibao na kunakili anuani. Rafiki yake Kanku, fundi wa saa, alikuwa na kibao kizuri cha buluu alichochorewa na Lukusa bila malipo. Siku ya tatu walifika kwa Kanku wakang'oa mlango, kisha mabati. Kanku na watoto wake sasa wanalala kituoni chini ya turubai, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai.

"Mi njo niliandika ile anuani yake," Lukusa anasema. "Kwa mukono hii."

Basi alichukua karatasi akaorodhesha kazi zake zote zilizobaki mjini. Zilikuwa arobaini na moja. Kila alfajiri amekwenda kufuta mbili au tatu, akipaka rangi juu ya jina lake mpaka lisisomeke. Arobaini zimekwisha. Umebaki ukuta mmoja, ule wa njia panda ya soko. Ameuacha mwisho kwa sababu vijana wa filimbi hupenda kukaa hapo.

Kwa sababu nyingine pia. Picha iliyopo pale ni ya mdudu.

Mlango unagongwa mara mbili kwa kucha. Ni Mama Adolphine, jirani wa namba kumi na sita, mzaliwa wa Kabalo, kaskazini mwa Katanga. Huuza vitumbua, na kwa sababu hiyo ana haki ya kuonekana barabarani kabla jua halijatoka. Amejitwika beseni. Tangu mambo yaharibike, kila alfajiri huacha vitumbua vinne dirishani mwa jirani zake, vimefungwa karatasi. Leo amekuja kumsindikiza.

"Twende, Papa Lukusa," ananong'ona. "Jua haingojake mutu."

Mbombo, mkewe Lukusa, anasimama mlangoni bila taa. Anamfunga mumewe kifungo cha shati, kama mtu anayemtuma mtoto shuleni. Halafu anakifungua tena.

"Hapana, toa shati," anasema. "Vaa ile ya kazi, yenye kutoboka."

Lukusa anavaa fulana iliyotoboka na kaptula yenye madoa, na viatu anaviacha.

Njiani Lukusa anatembea akiwa ameshika kopo kifuani. Nyumba tatu mtaani hazina paa tena. Mbwa wa moja ya nyumba hizo bado anailinda. Anawatazama wakipita, habweki.

Ukuta wenyewe ni wa duka la Séraphin, mfanyabiashara wa hapa hapa Katanga. Miaka minne iliyopita Séraphin alikuwa akiuza dawa ya kuua wadudu, akamwita Lukusa amchoree tangazo la kuchekesha. Lukusa alichora mkono mkubwa umeshika pampu ya dawa, na mbele yake mdudu mnene anakimbia. Alimvisha mdudu koti kubwa, miwani na viatu vinavyong'aa, akampa na sanduku dogo la ngozi.

Soko zima lilicheka. Kila mtu alimtambua. Alikuwa Mkasai wa kwenye michezo ya televisheni, yule mwenye majivuno, anayeongea kwa kuvuta maneno na kuwapa ndugu zake kazi zote.

"Mi nilimwambia achore mdudu tu," anasema Séraphin siku chache baadaye, akiangalia chini. "Koti sikuiomba. Lakini nilipoiona nilicheka. Dawa iliisha kwa siku tisa."

Lukusa hakatai. Anasema koti hilo alilipata utotoni, enzi ambazo kampuni ya migodi ilikuwa ikitundika shuka jeupe uwanjani na kuwaonyesha wafanyakazi sinema. Kila mara palikuwa na mtu mmoja mweusi aliyevaa koti lililompita mwili, anayejifanya mkubwa, anayeanguka kwenye tope. Watoto wote walicheka mpaka machozi. Baba yake pia, ambaye alikuwa na koti moja la Jumapili, alicheka.

"Televisheni ilikuja, ikamupatia yule mutu kabila," anasema Lukusa. "Mi nikamupatia miguu sita. Niliona ni muchezo tu. Mukasai mwenyewe, na nilicheka!"

Mwaka jana, neno *bilulu*, yaani wadudu, lilianza kusikika katika nyimbo za barabarani. Watoto walipita na kuurushia ukuta ule udongo, wakilenga miwani. Kisha wakubwa wakauacha ukuta, wakaanza kulenga watu.

Saa kumi na moja na nusu. Nyuma ya duka ngazi imeegemezwa mahali ambapo haijawahi kukaa. Séraphin "ameisahau" nje, yeye ambaye kila jioni hufunga hata ufagio wake kwa kufuli. Lukusa anaiburuta, anapanda vipandio vitano, anachovya brashi. Rangi inadondoka kwenye brashi na kumwangukia vidole vya miguu.

Anafuta *Lukusa*. Anafuta *Peintre*. Amemalizia tu mtaa na namba ya nyumba ndipo filimbi inapolia.

Ni watatu. Wanakuja wakitembea katikati ya barabara, bila haraka. Mrefu wao, ambaye wenzake wanamwita Dady, ana rungu la mguu wa meza.

"We muzee! Uko nafanya nini pale yulu?"

Lukusa hageuki. Chini yake, Mama Adolphine anatua beseni lake polepole na kuushika mguu wa ngazi.

"Iko fundi yangu," anasema. "Njo mi nilimuita. Munataka aanguke?"

"Jina yake?"

"Ngoy."

"Ngoy wa wapi?"

"Wa Kabalo, mutoto ya kaka ya mama yangu. Munataka nimuhesabie babu zake wote? Bitumbua biko napola!"

Wawili wanacheka. Dady hacheki. Anagonga ngazi kwa rungu lake, mara moja, na mtikisiko unapanda mpaka kwenye magoti ya mtu aliye juu.

"Aseme yeye mwenyewe."

Alijua, Lukusa anasimulia baadaye, kwamba wanangoja sauti yake. Walingoja ile ya televisheni, yenye kuvuta maneno.

"Mi njo Ngoy," anasema. "Muko naniona navaa vizuri? Rangi iko nakauka, bandugu. Muniache nimalize."

Ni Kiswahili cha Musonoi, kile kile wanachoongea wao. Hakuna kingine alichowahi kuwa nacho. Dady anamwangalia kuanzia juu: fulana yenye matundu, kaptula, miguu mitupu yenye rangi. Halafu anaangalia koti la mdudu.

"Mukasai gani anaweza panda ngazi bila viatu?" mwenzake anasema, na sasa wote watatu wanacheka.

"Basi endelea kuandika, tuone," anasema Dady.

Lukusa hakuja kuandika kitu. Pale palipokuwa na jina lake pana kiraka kibichi tu, na brashi iko hewani. Mama Adolphine anainua uso.

"Ngoy, usisahau bile nilikuambia," anasema kwa sauti ya mwenye kumlipa fundi. "*Bitumbua ya Mama Adolphine. Avenue Lufupa, nimero kumi na sita.*"

Lukusa anatazama chini. Ni anuani ya kweli.

"Andika, mutoto wangu," anasema mama huyo, aliyezaliwa miaka sita baada yake.

Anaandika. Kwa ncha ya mpini wa brashi anakwaruza herufi katika rangi mbichi. Anasema mkono ulijua kazi yake kuliko yeye. Mahali alipojifuta, chini ya mdudu yule yule, inakaa anuani ya jirani.

Dady anaisoma kwa sauti, polepole. Kisha ananyoosha rungu kwenye lile sanduku la ngozi.

"Sasa andika *Kasai* pale, kwa sanduku yake. Watu bajue."

Brashi ina rangi ya kutosha. Kopo halijapungua hata nusu, na Lukusa hana kisingizio.

"Rangi ni yangu!" Mama Adolphine anadakia. "Kila neno iko na makuta yake. Nani atalipa? We, Dady? Ulete makuta, ataandika mpaka jina ya mama yako."

Dady hana senti, kama vile mji mzima usivyo na senti. Wenzake wanampigia kelele za kumtania. Wanachukua vitumbua saba, na mama anawaacha, tena anawafungia karatasi. Filimbi inalia, inaelekea sokoni.

Lukusa anashuka akishika kila kipandio kwa mikono miwili. Chini anakaa kwenye udongo kama mtoto aliyechoka.

Nyumbani Mbombo anamwosha miguu kwa mafuta ya taa, kidole kwa kidole.

"Hawakunijua," anamwambia. "Unajua juu ya nini? Juu sifanane na ile mutu mi nilichora. Banatafuta koti. Bangine wenye koti, njo watabashika."

Maneno hayo anayarudia mara tatu. Hofu aliyokuwa nayo kwenye ngazi imekwisha. Hii nyingine, anasema, imekuja na haitoki. Kanku alikuwa na koti. Alilivaa siku waliyokuja, akidhani watu wataheshimu mtu aliyevaa.

Kazi hakuna tena. Zamani ukuta mmoja ulimpa gunia la unga na mafuta ya mwezi. Kazi yake ya mwisho, mwezi wa nane mwaka jana, alilipwa vipande vitatu vya sabuni. Lilikuwa tangazo la sabuni hiyo hiyo, na mama aliyemchora akifua alimpaka rangi ya maziwa, kama alivyowapaka wote wa kabla yake.

"Nilimuuliza," anasema Mbombo, ambaye ngozi yake ni nyeusi na laini kama mbegu ya stafeli iliyopakwa mafuta. "Baba, mbona mama ya sabuni hata siku moja hafanane na mi? Na mwizi yenye unachora, juu ya nini kila mara ni mweusi?"

"Rangi nyeusi nilikuwa nayo tele," anasema mumewe.

Kituoni wameandikishwa kwa namba 2,318. Namba ya mwisho kuitwa ni 1,904. Hawajui kama treni itawahi kufika kabla ya vijana wa daftari. Nguo zimefungwa ndani ya shuka moja karibu na mlango, na kila gari linalopunguza mwendo nje huwainua wote wawili.

Katika namba kumi na sita, Mama Adolphine anakanda unga. Tangu tangazo hilo wateja wawili wamekuja kwa kulifuata. Walikuja pia wanaume wawili ambao hawakununua kitu, wakauliza yuko wapi fundi Ngoy.

"Naogopa," anasema, bila kuacha kukanda. "Batoto yangu bane banalala mu hii nyumba. Lakini Mama Mbombo njo alinizalisha wa pili, mvua ikinyesha, gari hakuna. Anuani yangu, alikuwa anaijua tangu ile siku."

Lukusa amebakiza robo kopo ya rangi. Hataki kuiuza. Iwe Kolwezi, iwe huko Kasai asikokujua, ukuta wa kwanza atakaopewa atamchora Mbombo akifua, na rangi yake mwenyewe. Hatamvisha kitu cha kuchekesha. Chini hajui kama ataweka jina.

Majina na namba za nyumba katika habari hii si za kweli. Wenyewe waliomba iwe hivyo.

Jioni inapokaribia, Lukusa anamsindikiza mgeni wake, mwandishi wa habari hii, mpaka mlangoni tu, kwa sababu siku hizi hatoki nje mchana. Anamshika mkono kwa mikono yake miwili yenye harufu ya mafuta ya taa.

"Urudi kutuona, mama. Tafazali, urudi. Ukikuta hapa kumefungwa, usiulize mutu jina yetu. Ufuate ule mdudu. Anuani yenye kuwa pale chini ni ya mutu mwema."