Kikurya cha Sajini, Kihispania cha Simba

Enzi zetu lugha haikuwa na kengele. Hii ya siku hizi inayo. Mwanangu Neema akibonyeza neno sahihi kwenye simu, simu inalia ting' na nyota inaruka. Akikosea, simu inambembeleza asijali, ajaribu tena. Tangu mume wangu aitwe na kampuni moja ya utalii ya Hispania akafanye kazi kwenye ofisi yao huko, na sisi wote tumfuate, nyumba yetu hapa Mugumu inalia ting' ting' kutwa nzima. Nimechoka, na nasema nimechoka bila aibu.

Nimechoka kwa sababu nyota anazo tele, lakini maneno hana. Juzi nilimuuliza, ukifika shuleni huko, mwenzako akakukalia kwenye kiti chako, utamwambiaje? Akatazama simu. Akasema hapo bado hawajafika. Walikofika ni kwenye watu wanaokula matufaha. Mvulana anakula tufaha, msichana anakula tufaha, bibi naye anakula tufaha. Sasa nani amewaambia tunafungasha mabegi na watoto kwenda kutazama watu wakila matufaha? Na yule mwalimu wao wa kwenye video, binti mchangamfu kweli, kila kitu kwake ni muy bien, yaani vizuri sana. Neema akisoma, muy bien. Neema akinyamaza, muy bien. Siku moja alikohoa tu, nikasikia muy bien.

Baba yake naye ni wale wale. Miaka yote amewaendesha Wahispania mbugani, na Kihispania chake chote amekiokota huko huko. Anaweza kukwambia simba yuko kulia, chui yuko juu ya mti, fisi anatoka kwenye shimo, msishuke kwenye gari, mikono ndani. Duka la mkate liko wapi hajui kuuliza, maana mbugani hakuna duka. Nikimwomba awafundishe watoto, anawafundisha hayo hayo, nao wanayaimba huku wakipiga mswaki: león, simba, hiena, fisi, las manos dentro, mikono ndani. Namtazama, naguna. Hii habari mimi nimeshaiona.

Sikuzaliwa Mara. Nilizaliwa Newala, na nilikuwa darasa la pili baba yangu, aliyekuwa mwalimu, alipopewa uhamisho kwenda Nyarero, Tarime, pamoja na mama yangu aliyekuwa muuguzi. Leo mtu akipangiwa kazi mahali asipopajua anafungua simu na kuona hadi rangi ya mabati. Sisi tuliuliza watu, na watu walitutisha. Wakurya wakali, walisema, na kuna baridi. Baba akasema hatuwezi kwenda ugenini kama mabubu. Newala nzima tuliyoijua, Mkurya alikuwa mmoja tu, mzee mstaafu wa jeshi aliyelinda ghala la korosho. Kila mtu alimwita Sajini. Basi kila jioni tukawa tunakwenda ghalani, baba, mama na mimi, tunakaa juu ya magunia tunafundishwa Kikurya. Mpaka leo nikinusa korosho mbichi nasikia sauti ya yule mzee.

Sajini alitoka kwao akiwa kijana mdogo, na maisha yake yote yaliyofuata yalikuwa ya gwaride. Akatufundisha alichokuwa nacho. Simama. Kaa. Rudi nyuma. Shika mstari. Nani kakuruhusu? Tukitamka kwa sauti ndogo aliturudisha mwanzo, kwa maelezo kwamba Kikurya hakisemwi kwa kunong'ona. Mama alimwomba amfundishe namna ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Sajini alifikiri sana, akakuna kidevu, halafu akamfundisha namna ya kusema "Toa taarifa." Baba alifurahi kuliko wote. Tulipopanda basi la kwenda Mara, aliamini familia yake imeiva.

Nyarero ilitupokea kwa ukungu. Asubuhi miguu yangu isiyo na viatu ilikufa ganzi kwenye majani yenye umande, na vidole havikuweza kushika penseli mpaka jua lipande. Nyumba zilinuka moshi na maziwa. Ugali ulikuwa wa mtama na muhogo, mweusi, mzito. Kipande kimoja unakwenda nacho mpaka jioni. Tulishushia na maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na mimi niliyekulia kwenye samaki wa kukaanga nilikunja uso siku mbili tatu, kisha nikawa naramba kikombe. Watoto wangu leo wanaonja maziwa hayo kwa bibi yao wa Nyambureti, wanauliza kama yameharibika.

Siku ya kwanza shuleni, wakati wa mapumziko, niliwaona wasichana wanacheza rede. Mpira ulikuwa wa soksi na matambara, umefungwa kamba ya katani, na ulivyokuwa unawapiga migongoni ulitoa mlio mtamu. Niliutamani mchezo ule. Nikasogea, nikatafuta kichwani neno la kuomba kuingia, na kichwani mlikuwa na Sajini peke yake. Nikawaambia washike mstari. Walinitazama. Halafu walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Nikafunga mdomo. Darasani niliongea, kwa sababu darasani ni Kiswahili, na kwa Kiswahili hakuna aliyenigusa. Kengele ya mapumziko ikilia nilikuwa bubu. Wenzangu walivua masweta yao ili wacheze vizuri, wakayarundika pembeni, nami nikakaa karibu nayo nikiyalinda. Hakuna aliyenituma. Nililinda masweta muhula mzima, na ndiyo maana nyota za Neema hazinidanganyi. Simwogopei mtihani. Namwogopea rundo la masweta.

Jioni mama alirudi kutoka zahanati, akavua viatu, akaweka ungo mapajani na kuanza kuchambua mchele au mboga. Hakuwahi kuniuliza nimesoma nini. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Leo umesema nini?"

"Sijasema, mama."

Basi ananitazama kidogo, anaendelea na ungo wake. Siku moja nilimsikia akimwambia baba kwamba mtoto anakauka huyu, afadhali arudishwe Newala kwa bibi yake. Mimi nikalala nikiomba nisirudishwe, na nikiomba nirudishwe, yote mawili kwa pamoja.

Mama mwenyewe alikuwa ameshapata Kikurya chake, cha zahanati. Inauma wapi, vuta pumzi, sukuma, pole, mtoto ni wa kike. Kina mama walimpenda nacho, wakamletea ndizi na viazi vitamu. Lakini cha kukaa na watu na kupiga soga hakukipata mpaka tunaondoka. Alikuwa akicheka wenzake wanapocheka, na akifika nyumbani anamuuliza baba walikuwa wanacheka nini, kama vile baba anajua.

Kikaja kiangazi. Chemchemi ya kijiji ikapungua, maji yakawa yanatoka kama ya birika, na tukapanga ndoo. Sheria ya ndoo ilikuwa nzito kuliko sheria za shule: ukishaiweka ndoo yako kwenye mstari unaweza kwenda kucheza, kusuka, hata kulala, ndoo inakushikia nafasi. Mkono wa mtu hauigusi. Siku hiyo nilikuwa nimebakiza mtu mmoja mbele yangu, nimesimama hapo hapo, akaja Rhobi. Rhobi alikuwa msichana mkubwa wa darasa la sita, mabega kama ya mvulana. Aliiinua ndoo yangu, akaiweka pembeni kwenye matope, akaweka ya kwake. Hakunitazama hata usoni. Alijua mimi ni yule mtoto wa mwalimu asiyesema.

Sijui hasira ile ilitoka wapi. Nilisikia masikio yanawaka, na kilichonitoka kinywani kilikuwa ghala zima la korosho. Rudi nyuma! Nani kakuruhusu? Shika mstari! Na kwa sauti ile ile ya Sajini, isiyonong'ona. Kumbe nyuma ya hayo kulikuwa na mengine, ambayo sikujua kwamba ninayo. Maneno ya bibi jirani akifukuza mbuzi kwenye muhogo. Maneno ya wasichana wakibishana kwenye rede nani kaguswa na nani hakuguswa. Maneno ya kina mama wakiwaita watoto wakaidi. Yalitoka yote, mengine najua maana yake, mengine hata leo nisingeyarudia mbele ya mkwe.

Rhobi aliinua ndoo yake, akairudisha nyuma. Halafu akauliza, kwa Kikurya, nani amenifundisha kusema kama mkuu wa kituo cha polisi. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Ndoo yangu ilipojaa ni yeye aliyenitwisha. Kesho yake niliitwa kwenye rede, sweta langu likaingia kwenye rundo, na jina likanikaa la Afande. Mpaka leo nikienda sokoni Tarime kuna wanawake wazima wenye wajukuu wanaoniita Afande. Watoto wa siku hizi wakiudhiana wanazuiana kwenye simu, kimya kimya, kila mmoja chumbani kwake. Watajifunza wapi kusema?

Mama alikuwa njiani akirudi kazini. Alisikia yote kutoka juu ya kilima. Alifika nyumbani anacheka, ameshika mbavu, akamwita baba aje asikie, akanifanya nirudie sauti ile ya rudi nyuma mara kadhaa. Kisha akakaa, akaweka ungo wa mchele mapajani.

"Haya, Afande. Leo umesema nini?"

Nilinyanyua kidevu. Nilikuwa na fahari isiyo na mfano.

"Mama, hata nikikwambia huwezi kuelewa."

"Haya," alisema. Akainamia ungo. Alichambua mchele ule mpaka giza likaingia, na nakumbuka niliona ajabu, maana ulikuwa umeshatakata.

Basi wiki iliyopita nikaamua yatosha. Nikakusanya simu zote wakati wa chakula, nikaziweka juu ya kabati, nikatangaza kwamba mezani hakuna Kiswahili. Anayetaka chumvi aombe kwa Kihispania, anayetaka maji aombe kwa Kihispania. Matokeo yake tulikula ugali na samaki bila chumvi, kimya, kama watu wa msibani. Mume wangu alijaribu kuomba pilipili akaishia kutuambia kuna nyati. Kaka yake Neema, Mwita, aliye kidato cha pili na anayejiona ameshafika Hispania, alikula haraka haraka bila kusema na mtu. Nilikaa pale nikiwatazama, nimekasirika, nikajiambia hawa nawapeleka kuwa mabubu.

Jioni ya tatu nilipika nyama. Neema ana tabia, anaweka kipande kizuri pembeni ya sahani akile mwisho. Mwita anaijua tabia hiyo. Akanyoosha mkono, akakichukua, akakitia mdomoni.

Neema alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. "¡Hiena!" akamwambia kaka yake, na hapo ndipo mlango wa maneno ulipofunguka. ¡Las manos dentro! Akaipiga ile mikono kwa mwiko. Akamwambia asishuke kwenye gari. Akamwambia kitu cha tufaha, kwamba yeye Mwita hatakula tufaha, bibi atakula tufaha, wote watakula isipokuwa yeye. Halafu no es justo, si haki, si haki, na baada ya hapo yakaja maneno marefu yaliyoshonana ambayo baba yake hakuyajua na mimi sikuyajua, sijui ameyatoa wapi, labda kwa yule binti wa muy bien, labda kwenye katuni. Alisema mpaka machozi yakamtoka. Mwita aliacha kutafuna. Kisha Mwita naye akajibu, kwa Kihispania kibovu, wakaanza kurushiana, na mume wangu akageuza kichwa huku na huku kama mtu anayetazama mpira wa meza.

Mimi nilicheka. Nilishika mbavu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu habari za safari hii zianze, maana nilijua mwanangu hatalinda sweta la mtu. Walipotulia, na Neema akapewa kipande changu cha nyama, nilimfuta machozi nikamuuliza.

"Haya, leo umesema nini?"

Alinyanyua kidevu.

"Mama, huwezi kuelewa."

Nikasema haya. Nikaenda jikoni, nikashusha ungo ukutani, nikafungua mfuko wa mchele. Enzi zetu mchele ulikuja na mawe yake na makapi yake, mama akawa na kitu cha kuinamia mpaka giza liingie. Huu wa siku hizi unauzwa umeshachambuliwa, mweupe, safi. Nilipekua ungo mzima sikupata hata jiwe moja.