Nelfa Monsale na Meza ya Ghorofa ya Pili

Tarehe 14 Juni 1987, siku ya Jumapili, meza ndefu ya mbao nyekundu ilitolewa katika chumba cha kufulia na kupandishwa hadi ghorofa ya pili ya bweni la wasichana, mjini Iloilo. Hilo limethibitika. Wanawake watatu niliowahoji, kila mmoja mahali pake, wanaafikiana, na picha ipo. Aliyeshika pembe ya mbele, uso umekunjamana kwa uzito, ni Nelfa Monsale, binti wa mfuma vitambaa wa Miagao, aliyekuwa akianza mwaka wa pili wa masomo ya ualimu.

Mwaka wake wa kwanza katika ghorofa ile ulikuwa wa milango iliyofungwa. Kila msichana alikula peke yake, ameketi kitandani, kopo la samaki katikati ya magoti. Nelfa aliniambia kwamba alijifunza majina ya majirani zake kwa kusikia wakiitwa simu ikipigwa. Ndipo akamwendea mlezi wa bweni na kuiomba ile meza, akaweka na sharti lake: jioni ya Jumapili, wasichana warudipo kutoka makwao, kila walichofungashiwa na mama zao kiwekwe mezani, na chakula kisiingie chumbani.

Sharti hilo lilishika. Walitandaza majani ya mgomba, wakamwaga wali, wakala kwa mkono, bega kwa bega. Nelfa aliketi upande unaotazama ngazi, akamkaribisha kila aliyepanda, kwa jina. Kwetu mtu hali mbele ya mwenzake bila kumkaribisha, na anayekaribishwa hakubali mara ya kwanza; husema ameshiba, hata kama hajala tangu asubuhi. Anayetaka kweli mwenzake ale hurudia. Nelfa alirudia daima, huku akivuta benchi kwa mguu. Kabla ya Krismasi ghorofa nzima ilimwita Manang, dada mkubwa, hata waliomzidi umri.

"Nilikuwa mtoto wa sita nyumbani," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniita Manang kabla ya hapo."

Juni iliyofuata aliingia Jovita Arcenas wa Capiz, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mfupi, mwenye sauti kubwa. Jumapili yake ya kwanza alipanda ngazi na kikapu kinachotikisika.

"Manang, njoo uone!" alipiga kelele Dulce, aliyekuwa mdogo kuliko wote hadi siku ile. "Huyu mgeni kaleta kaa! Wakubwa, utadhani wamejilipia nauli wenyewe!"

"Wamelipa nusu," Jovita akajibu. "Tumewapakata."

Meza iliangua kicheko. Nelfa naye alicheka, lakini alikumbuka vizuri, baada ya miaka thelathini, kwamba siku hiyo wali wa kunata aliouleta kutoka Miagao ulirudi na majani yake, haujafunguliwa.

Kilichomchoma zaidi hakikuwa kaa. Jovita alikuwa na tabia ya kuhesabu nyuso mezani kisha kwenda kugonga milango ya waliokosekana. Jumapili moja mwezi Julai alimpelekea Tessa, aliyekuwa na homa, sahani ya wali na mchuzi. Nelfa alimkuta akitoka.

"Nani kaingiza chakula chumbani?"

"Mimi, Manang. Tessa anaumwa."

"Meza iko pale. Homa haikati miguu."

"Basi mbebe wewe, Manang, mie mgongo mbovu," alisema Jovita, bila ubaya wowote, na wasichana waliokuwa ukumbini wakacheka.

Kuanzia hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, Nelfa alianza kusikiliza. Alisikia viti vikisogezwa katika chumba cha Jovita. Alisikia msichana wa Guimaras akilia mlangoni kwa Jovita kuhusu mtihani, jambo ambalo mwaka uliopita angelileta kwake. Kisha, wiki ya pili ya Agosti, alimsikia Dulce akiita kwa utani kutoka bafuni, "Manang Jovi, nipe sabuni!" Dulce ananiambia ulikuwa mzaha mtupu, kwa sababu Jovita alikuwa na miaka kumi na saba tu, mdogo kuliko yeye. Nelfa hakuusikia kama mzaha. "Nililibeba lile neno," alisema, "kama mtu aliyeibiwa nguo akaiona imevaliwa na mwingine, tena imempendeza."

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha tangu asubuhi, na basi la Capiz likachelewa. Walikuwa katikati ya kula Jovita alipotokea ngazini, nywele zimemganda usoni, kikapu kitupu.

"Samahani jamani, sina kitu. Maji yameingia kila mahali."

Nelfa alimtazama. "Jovi, karibu ule."

"Asante, Manang. Nimeshiba."

Wote walisubiri. Tessa anasema alisikia mvua juu ya paa kuliko alivyowahi kuisikia. Hakuna mwingine aliyeweza kuurudia mwaliko, kwa maana anayekaribisha ni mwenye meza, na ilijulikana meza ni ya nani. Nelfa alichota wali, akaukandamiza kwa vidole, akatia kinywani. Jovita akasimama kidogo, akatabasamu, akaenda chumbani kwake.

"Manang," Dulce akanong'ona, "hujamwambia tena."

"Kasema kashiba. Nimlishe kwa nguvu?"

Dulce alikunja kipande cha jani la mgomba kilichokuwa mbele yake, wali na samaki ndani, akainuka nacho. Tessa akafuata. Haikuwa maandamano, kila aliyeondoka aliaga kwa adabu, "Naja sasa hivi, Manang." Nelfa alibaki na meza nzima, na kutoka chumbani kwa Jovita kikaja kicheko alichokitambua, kwa sababu kilikuwa cha mezani pake.

Alikwenda. Aliniambia alikusudia kuwakumbusha sharti la chakula. Mlango ulikuwa wazi. Wasichana walijaa sakafuni na juu ya vitanda, na Jovita, taulo kichwani, ndiye aliyemwona kwanza.

"Manang, karibu ule."

"Nimeshiba."

"Karibu, Manang. Tessa, hebu songa, unakalia nafasi ya watu wawili."

"Nimekula, kweli."

"Njoo bwana, mara ya tatu hii, mate yananikauka!"

Nelfa aliingia, akakaa, akapewa samaki wa sehemu nzuri, ya tumboni. Alikula. Amewahi kukaa na njaa maishani, aliniambia, lakini hakuna chakula kilichokuwa kigumu kumeza kama kile alichokaribishwa mara tatu na mtu ambaye yeye mwenyewe alimkaribisha mara moja tu.

Jumapili iliyofuata alikaa mwisho wa benchi, ukutani. Hakuna aliyemwomba ahame wala aliyeketi mahali pake pa zamani. Pakawa pa kuwekea vikapu. Waliendelea kumwita Manang. Oktoba alihamia kwa shangazi yake Molo, akamaliza shahada, akaenda kufundisha Miagao, anakofundisha hadi leo. Hajaolewa. Katika darasa lake, wanafunzi walionihadithia wanasema, hakuna mtoto aliyekula peke yake, na yeye ndiye aliyewapanga nani akae wapi.

Nilimtafuta Jovita, ambaye sasa anaishi Roxas. Alishangaa. Alisema jioni ile alikuwa amekula kituo cha basi, ameshiba hasa, na hakugundua kwamba mwaliko haukurudiwa. Dulce anasema Jovita alimaliza sahani mbili chumbani. Tessa anasema aliishika tu sahani. Nilipompelekea Nelfa maneno ya Jovita, alisema, "Hata hilo kanishinda."

Kama Jovita Arcenas alikuwa ameshiba kweli jioni ile, sijaweza kuthibitisha.