Utepe wa Salima

Salima, fundi cherehani wa sokoni Rumonge, si mtu wa kukasirika akanyamaza. Mwaka jana lilikuja kundi la taarabu kutoka Bujumbura pamoja na Bi Nawal, yule aliyeimba kwenye harusi ya Salima mwenyewe. Tikiti ziliisha asubuhi moja. Ziliishia kwa Akonkwa, muuza vocha za simu, aliyewapanga jamaa zake kumi kwenye foleni, kisha akasimama mlangoni akiziuza mara tatu ya bei. Bi Hadija, mama yake Salima, mwenye miaka sabini na nne, alikuja na noti moja aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Haikutosha. Alisikiliza taarabu nzima nyuma ya ukuta, amekalia ndoo. Salima alilia kwa hasira, akaapa kwamba mama hatakalia ndoo tena.

Mwaka huu, kundi lilipotangaza kurudi, aliwaendea waandaaji, akawaambia tikiti atauza yeye, tena hazitakuwa za karatasi. Karatasi huhama mfuko. Alichukua utepe mweupe wa satini, akawa anamzungushia kila mnunuzi kwenye kifundo cha mkono na kuushona papo hapo. Kuuvua ni kuukata, na ukishakatwa haufai tena. Wa kwanza kushonewa alikuwa Bi Hadija.

Kosa alilifanya, nalo si dogo: alishona Alhamisi wakati shughuli ni Jumapili, tena mkono wa kulia. Rumonge hii! Nani anakaa siku tatu bila kugusa mafuta ya mawese? Watu walikamua, walipika, walikula ugali na mchuzi, na kufikia Jumamosi tepe zote zilikuwa rangi ya chungwa.

"Salima, ni aibu gani hii umetuvalisha?" jirani yake Asiya alimfokea. "Sare yetu ya taarabu iko nyeupe!"

Salima aliona haya kwelikweli, hata chakula kikamshinda.

Jumapili baada ya alasiri alisimama mlangoni na Hadji, mlinzi. Akaja Akonkwa anatabasamu, nyuma yake wanawake wanne kutoka Minago, kila mmoja na utepe mkononi. Satini ileile, mshono karibu uleule. Hadji alikwisha kuwapisha. Salima akaushika mkono wa yule wa mbele, akautazama, akacheka mpaka akajishikiza mlangoni.

"Dada, mbona hii iko safi hivi? Tangu Alhamisi haukukula?"

"Huyu ametushonea sasa hivi, pale kwenye kona," mwanamke akajibu, akimwonyesha Akonkwa. "Tumemulipa elfu kumi na tano kila mutu."

Foleni nzima ikainua mikono yenye tepe za rangi ya chungwa, Asiya akiwa wa kwanza. Akonkwa alirudisha pesa huku wanawake wakimhesabia kwa sauti. Viti vilikuwa bado vipo, kwa hiyo Salima akawashonea wale wanne tepe za kweli kwa bei ya kweli.

Bi Hadija alikaa kiti cha mbele kabisa, akaimba kila ubeti, na Salima alifurahi kumtazama kuliko kumsikiliza Bi Nawal. Taarabu ilipokwisha akamwendea na mkasi.

"Lete mkono, mama, nikuvue utepe."

Bi Hadija akauficha mkono chini ya khanga.

"Acha, mwanangu. Hii bado iko muzima. Mwaka kesho nitaingia na hii hii."